Mkono Dhaifu wa Mtoto Hujifunza kwa Kazi

Katika vijiji vya pwani yetu, toka Kavimvira na Uvira mpaka Makobola, Nundu na Baraka, tena katika bonde la Ruzizi, wako watoto ambao mkono wao mmoja hukaa umekunjwa ngumi. Mtoto akikimbia, mkono ule hupanda kifuani. Akila, mkono ule hulala mapajani bila kazi. Wenzake wanapoanika ndagala juu ya mchanga, yeye huketi kando, kwa maana watu wa nyumbani wamesema, "Mwacheni, huyu hawezi."

Somo hili ni kwa ajili ya mama na baba wa mtoto yule, na bibi yake, na kaka na dada zake. Lina neno moja la kukumbukwa: mkono dhaifu hujifunza kwa kufanya kazi. Haujifunzi kwa kuvutwa, wala kwa kupakwa dawa, wala kwa kuhurumiwa tu. Na kazi inayoufundisha imo nyumbani mwako, wala haiuzwi dukani.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu huitwa mtindio wa ubongo. Maana yake, ubongo wa mtoto uliumia ulipokuwa bado unakua: tumboni mwa mama, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza baadaye. Mkono wenyewe haukuvunjika. Aliyeumia ni yule anayeuamuru mkono. Ni kama mtumbwi ulio mzima, lakini mshika kasia amejeruhiwa.

Tena ujue jambo hili: upande wa kushoto wa ubongo huamuru mkono wa kuume, na upande wa kuume huamuru mkono wa kushoto. Kwa hiyo mtoto aliyeumia upande mmoja tu wa ubongo atakuwa na mkono mmoja dhaifu, na mara nyingi na mguu wa upande uleule. Mtoto aliyeumia pande zote mbili atakuwa na shida katika mikono yote miwili. Wengine mikono yao hukakamaa, wengine hulegea, na wengine hutikisika bila wao kutaka.

Sababu ni nyingi. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Au mama alikaa katika uchungu siku nyingi, na mtoto akakosa pumzi. Au mtoto mchanga alikuwa na manjano makali, wala hakutibiwa. Au malaria ilipanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo ilimpata. Huko Uganda ya mashariki, katika wilaya za Iganga na Mayuge, waganga walichunguza watoto wengi kijiji kwa kijiji, wakatoa habari zao mwaka 2017. Waliona ugonjwa huu kwa watoto karibu 3 katika kila 1000. Tena karibu mmoja katika kila wanne wa watoto hao alikuwa ameumia baada ya siku zake za kwanza, hasa kwa malaria na magonjwa mengine ya homa. Basi mama, jifungulie penye wakunga waliofundishwa. Mtoto mchanga akigeuka manjano, au mtoto akiwa na homa na degedege, usingoje kesho. Nenda saa ileile.

HAUTOKI KWA LAANA

Wako watu wanaosema kwamba mtoto amerogwa, au kwamba mama yake alitenda dhambi, au kwamba ukoo wa baba una deni la zamani. Kwa maneno hayo mama wengi wamefukuzwa, na watoto wengi wamefichwa chumba cha nyuma. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu habari za mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Kama Yeye hakuwahukumu, wewe jirani utahukumu kwa mamlaka gani?

Ugonjwa huu hauambukizi. Watoto wengine wanaweza kula naye, kulala naye na kucheza naye. Na ni vema wacheze naye, kama utakavyoona mbele.

DALILI ZA MAPEMA

Mtoto mchanga hukunja ngumi, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini akipita miezi 3, mikono imepasa kufunguka. Mtazame mtoto wako. Je, ngumi moja hukaa imefungwa sikuzote, na kidole gumba kimefichwa ndani? Je, hunyosha mkono mmoja tu kushika kitu, hata ukikiweka upande wa pili?

Wazazi wengine hufurahi kuona mtoto wa miezi 7 au 8 akitumia mkono mmoja tu, wakisema, "Huyu atakuwa na mkono wenye nguvu kama babu yake." Lakini mtoto mdogo mzima hutumia mikono yote miwili. Akichagua mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka, hiyo ni dalili ya kumpeleka hospitali. Usingoje mpaka atembee. Ubongo wa mtoto mchanga ni kama udongo mbichi wa mfinyanzi, na wakati wa kuufinyanga ni sasa.

KWA NINI MKONO HUSAHAULIWA

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye siri ya somo letu lote.

Mtoto hujaribu kushika kikombe kwa mkono dhaifu. Kikombe huanguka, maji humwagika, mama hukemea. Hujaribu tena, huanguka tena. Kisha hushika kwa mkono wenye nguvu, na mara moja hufaulu. Hata kesho yake hatajaribu tena kwa mkono dhaifu. Siku hupita, miezi hupita, na ubongo huanza kuusahau mkono ule kama kwamba haupo. Mkono usiotumwa hukaza, misuli yake hufupika, kiwiko na kifundo hukataa kunyoka. Jeraha la ubongo halikuongezeka, lakini mkono umezidi kuwa mbaya kwa kukosa kazi.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Taub, aliona jambo hili kwanza kwa nyani, na baadaye kwa watu wazima waliopooza upande mmoja. Aliona kwamba mkono mwingine ulikuwa na uwezo, lakini mwenyewe alikuwa amejifunza kutoutumia. Akazuia mkono wenye nguvu kwa muda, akaupa mkono dhaifu kazi nyingi, nao ukaanza kurudi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa habari za watoto waliofundishwa kwa njia hiyo. Kisha huko New York, Andrew Gordon na Jeanne Charles walionyesha njia ya pili: kumpa mtoto michezo na kazi zinazodai mikono miwili pamoja, saa nyingi kila siku. Njia zote mbili zimeonekana kuwa njema.

Tena liko jambo la Sweden linalotuhusu sisi sana, sisi tunaopenda kukanda watoto kwa mafuta. Mwaka 2018 Ann-Christin Eliasson na wenzake walitoa habari za watoto wachanga wenye dalili za mkono mmoja dhaifu. Kundi moja lilikandwa na wazazi wao. Kundi la pili lilifundishwa na wazazi wao nyumbani kutumia mkono dhaifu kwa kucheza, nusu saa kwa siku, siku 6 za juma. Wale waliocheza walizidi wale waliokandwa. Basi, kumkanda mtoto polepole si vibaya, humpa raha. Lakini kukanda hakumfundishi mkono kushika.

KWANZA MKAO, NDIPO MKONO

Mtoto anayeogopa kuanguka hawezi kutumia mikono yake, kwa maana anaitumia kujishikilia. Kwa hiyo kwanza mketishe vizuri.

Matako yaende nyuma kabisa, magoti yakunjwe, nyayo zote mbili zikanyage chini. Mbele yake weka meza ndogo au sanduku, lifike karibu na kifua, ili viwiko vipate pa kupumzika. Kama huna kiti, mketishe penye pembe ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana, au ndani ya beseni lililojazwa nguo pande zote. Mtoto mdogo unaweza kumweka kati ya mapaja yako, mgongo wake kifuani mwako.

Kisha ifungue ngumi, lakini usivute vidole kwa nguvu. Ukivuta, mkono hukaza zaidi, na kidole gumba kinaweza kuumia. Fanya hivi: kunja kifundo cha mkono kuelekea chini, polepole, nawe utaona vidole vinaanza kulegea vyenyewe. Papasa mgongo wa mkono kuanzia upande wa kidole kidogo. Kitoe kidole gumba kwa kukishika shinani, usikivute nchani. Mkono ukifunguka, mara moja upe kitu cha kushika.

Ngumi iliyofungwa hukusanya jasho na uchafu, na ngozi ya ndani huoza. Sisi watu wa Uvira tunaijua kolera vizuri. Basi ioshe ngumi ile kwa maji safi na sabuni kabla ya kula, uikaushe vema. Hili nalo ni zoezi.

CHAGUA KAZI MOJA ANAYOITAKA

Usianze kwa kumwamuru mtoto, "Nyosha mkono! Kunja mkono!" Atachoka upesi, wala hatajua sababu. Mwulize, "Unataka kufanya nini?" Mmoja atasema anataka kufungua bidoni ya maji. Mwingine anataka kuvaa kaptura mwenyewe. Mwingine anataka kushika bakuli lisikimbie anapokula. Mwingine anataka kudaka mpira. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana juu ya jambo hili: mtoto achague, na afanye kazi yenyewe nzima, mahali pale anapoihitaji.

Kazi iwe ngumu kidogo, lakini isimshinde. Kama kifuniko cha bidoni kimekaza, kilegeze kwanza, naye amalizie. Kesho kikaze kidogo zaidi. Ukimsaidia, msaidie kidogo, na punguza msaada kila juma. Akifaulu, msifu mbele ya watu wa nyumbani.

Hizi hapa kazi za nyumbani mwetu zinazofundisha mkono:

1. Kugeuza ndagala zilizoanikwa. Mkono dhaifu uchukue moja moja na kuweka upande wa pili. Mtoto mdogo atachukua kwa vidole vyote, na siku moja utaona anachukua kwa kidole gumba na cha pili.

2. Kubambua karanga na kumenya ndizi. Kazi hizi zahitaji mikono miwili: mmoja hushikilia, mmoja hubambua. Mkono dhaifu uwe ule unaoshikilia.

3. Kutwanga sombe. Mpe mchi mwepesi, mikono yote miwili iushike. Mchi ukipanda na kushuka, viwiko hukunjwa na kunyoka. Mchi ukishuka, bega hupata nguvu. Watwange wawili, yeye na dada yake, kwa kupokezana na kuimba.

4. Kukamua nguo. Beseni la maji nyumbani latosha, usimpeleke penye mawimbi. Mikono miwili ishike kitambaa, mmoja uende mbele, mmoja urudi nyuma.

5. Kutia vifuniko vya chupa ndani ya mkebe. Mtoto hupenda mlio wake. Kwanza mkebe uwe karibu, kisha uweke mbali na juu zaidi, ili mkono unyoke.

6. Mpira wa majani ya migomba. Mpira mkubwa hauwezi kudakwa kwa mkono mmoja. Waite watoto wa jirani. Mtoto atafanya mara mia kwa ajili ya mchezo, jambo ambalo hatalifanya mara kumi kwa ajili yako.

7. Kupokea na kutoa kwa mikono miwili. Mtoto wetu akipokea kitu kwa mkubwa, hupokea kwa mikono yote miwili kwa heshima. Basi kila mara ampapo babu chakula, au apokeapo kwa shangazi, mkono dhaifu upate zamu yake.

SAA NGAPI?

Wazazi huuliza, "Tutafanya mpaka lini?" Wataalamu wamehesabu. Ili mtoto aweze kazi moja au mbili alizozichagua, zahitajika saa kama 14 hadi 25 za mazoezi. Ili mkono wote upate kuwa bora, zahitajika zaidi ya saa 40.

Usishtuke. Nusu saa kwa siku, siku 6 za juma, ni saa 3. Kwa majuma 14 umepata saa 42. Ukiweza saa nzima kila siku, majuma 7 yatatosha kufika hapo. Wala si lazima uketi naye muda wote. Robo saa asubuhi anapovaa na kunawa, robo saa jioni penye karanga, hesabu imekwisha kutimia. Chora mstari ukutani kwa makaa kila umalizapo nusu saa, ili baba naye aone. Baada ya majuma hayo pumzikeni kidogo, kisha mchague kazi nyingine.

Mtu wa kuja hospitali mara moja kwa mwezi hupata saa 12 kwa mwaka, hata kama kila mara atafanyishwa mazoezi saa nzima. Kwa hiyo usingojee hospitali ifanye yote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wengi wetu humwita kine, atakuonyesha njia. Lakini mwalimu wa mkono ni wewe.

KUFUNIKA MKONO WENYE NGUVU

Kwa mtoto mwenye mkono mmoja dhaifu, iko njia ya kuufunika mkono wenye nguvu wakati wa mchezo, ili mkono dhaifu upate nafasi. Fanya hivyo kwa sharti hizi. Tumia soksi laini au mfuko mdogo wa kitambaa, usitumie kamba kamwe. Funika wakati wa mchezo tu, nawe uwe karibu naye. Usifunike anapolala, wala anapotembea, wala karibu na moto au maji, kwa maana akianguka ataukosa mkono wa kujikinga. Akilia kwa uchungu, uondoe, ujaribu siku nyingine kwa mchezo mwingine.

Mtoto ambaye mikono yake yote miwili ni dhaifu, usimfunike. Huyo apewe kazi za mikono miwili, na vyombo vilivyorahisishwa. Zungusha kitambaa kwenye mpini wa kijiko ili uwe mnene. Weka kitambaa chenye maji chini ya bakuli lisiteleze. Mtoto asiyeweza kushika kijiko bado anaweza kugonga ngoma, kusukuma mpira, au kuonyesha kwa mkono kile anachotaka. Hiyo nayo ni kazi ya mkono.

MAMBO YA KUKATAA

Usimchanje, usimchome moto, usimfunge mkono kwenye ubao usiku kucha kwa mashauri ya jirani. Usiuze mbuzi na shamba kwa ajili ya sindano za mtu anayeahidi kuponya ubongo, kwa maana dawa ya kuponya jeraha hili haipo. Lakini watoto wengi wenye ugonjwa huu wana kifafa pia. Dawa za kifafa ni za kweli, wala usiziache bila neno la mganga wa hospitali. Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake penye moto wala ziwani.

Tena usimlazimishe mkono wa kuume. Ikiwa mkono wa kuume ndio dhaifu, mtoto atakula kwa kushoto na kuandika kwa kushoto. Mzee wa nyumba anaweza kuona kwamba hiyo ni aibu. Mwendee kwa heshima, umweleze habari za ubongo kama ulivyosoma hapa. Mweleze mwalimu wa shule vilevile, asimpige. Kushoto kuandike, na kuume kushikilie daftari.

TUMAINI LA KWELI

Sikuahidi kwamba mkono dhaifu utakuwa sawa na mwenzake. Kwa watoto wengi hautakuwa. Utakuwa mkono wa kusaidia: utashikilia, utabana, utabeba. Lakini mtu mwenye mkono mmoja na msaidizi wake aweza kuvaa nguo, kutengeneza wavu, kuuza sokoni na kubeba mtoto wake mwenyewe siku moja. Mtu mwenye mkono uliosahauliwa hungoja wengine wamfanyie. Tofauti ya watu hawa wawili mara nyingi hufanywa nyumbani, katika miaka ya utoto, kwa karanga na kwa mchi.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, tafuteni kazi moja. Mpe mtoto nafasi ya kuifanya vibaya, bila kukemewa. Karanga zikimwagika, ziokoteni pamoja, naye aokote kwa mkono ule.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Katika ugonjwa huu, kilichoumia ni mkono au ubongo?
2. Mtoto wa miezi 8 anatumia mkono mmoja tu. Wazazi wafanye nini?
3. Kwa nini mkono usiotumika huzidi kukaza?
4. Utafunguaje ngumi bila kuvuta vidole?
5. Nusu saa kwa siku, siku 6 za juma, ni saa ngapi kwa majuma 14?
6. Ni wakati gani haifai kuufunika mkono wenye nguvu?
7. Mtoto wako amechagua kazi gani?